Uzi maalumu: Rangi ya bustani na vyungu majani yanapopukutika na baridi inapoingia

Mkono wa Udongo (mleta mada)

Wadau wa bustani, heshima kwenu nyote. Uzi huu ni wa wale wanaopanda maua katika nchi zenye majira manne, ambako majani hupukutika, jalidi hufuata, na mwishowe udongo wenyewe huganda. Nimeufungua kwa sababu kila mwaka naona kosa moja likirudiwa, kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa muda mrefu kabla ya kulitambua: mtu hungoja mpaka maua yake ya kiangazi yaungue kwa jalidi, akavitazama vyungu vitupu vilivyopangwa mlangoni, ndipo akakumbuka kwenda kitaluni. Wakati huo mchana umekwisha kufupika na udongo umepoa, kwa hiyo mche wowote atakaoupanda utakaa na umbo lile lile alilounulia mpaka joto lirudi.

Kiangazi tunanunua miche midogo, tunaiachia nafasi, na baada ya wiki chache imekifunika chungu na kuning'inia pembeni. Kwa ajili ya baridi inatupasa kuununua mmea ukiwa tayari na ukubwa tunaoutaka, kisha tuubananishe na wenzake mpaka udongo usionekane, kwa kuwa pengo tutakaloliacha litabaki pengo kwa miezi minne au mitano. Siku hizi nakichukulia chungu cha baridi kuwa chombo cha kupangia maua zaidi ya kuwa tuta: ninachokiona siku ya kupanda ndicho nitakachokitazama mpaka mwisho.

Mimea inayochanua wakati huo, hasa pansi na ndugu zao viola, ipandwe wiki 6 hadi 8 kabla ya udongo kuganda, kwani mizizi yao hushika vizuri udongo ukiwa na joto la kati ya nyuzi 7 na 18 za Selsiasi. Msihesabu kwa majina ya miezi, maana mwenzetu aliye mbali kusini mwa ikweta hupukutikiwa na majani Aprili wakati wa kaskazini anasubiri Oktoba. Hesabuni kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ambazo udongo wa kwenu huwa umeganda.

Anayeziona pansi kwa mara ya kwanza baada ya usiku wa jalidi hudhani zimekufa. Vikonyo vimelala chini, petali zimekunjamana na kuiva rangi kama kitambaa kilicholoa, na majani yamekakamaa kwa barafu. Usizishike wala usizimwagie maji ya moto, kama jirani yangu mmoja alivyofanya kwa huruma. Zikipigwa na jua, ikifika saa nne au saa tano asubuhi vikonyo vinaanza kuinuka kimoja kimoja, na mchana utaapa kwamba hakuna kilichotokea. Baridi kali ikikaa siku nyingi maua huisha, ila viola, ambao maua yake ni madogo, hurudi kuchanua upesi kuliko pansi. Kwa chungu kinachopigwa na upepo mimi huchagua viola.

Kabichi ya mapambo nayo hudharauliwa na wengi, labda kwa sababu ya jina. Ni spishi ile ile ya kabichi tunayoijua, *Brassica oleracea*, lakini usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 majani ya katikati hupoteza ukijani na kuacha zambarau, waridi au weupe. Ukiinunua mapema ingali kijani, usiipe mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwani itaendelea kurefuka na kuchelewa kuiva rangi. Ukikuta shina lake limerefuka na majani ya chini yamedondoka, lizamishe shina hilo udongoni mpaka majani yaliyobaki yagusane na ukingo wa chungu. Hiyo si hila, ndivyo inavyopaswa kupandwa.

Kivuli cha Saa Tisa

Mkuu mleta mada, shukrani kwa uzi wenye manufaa. Nina mti wa *Acer palmatum* katika chungu kikubwa. Mwaka juzi majani yake yaliwaka kama makaa kwa wiki mbili nzima, lakini mwaka jana yalipata rangi ya karatasi kuukuu yakaanguka. Chungu ni kile kile na mahali ni pale pale. Je, nimekosea mbolea?

Bibi Mahameli

Mwanangu, usiilaumu mbolea kabla hujaikumbuka hali ya hewa ya mwaka huo. Rangi za majani hazitoki mahali pamoja. Umanjano na rangi ya machungwa ni karotenoidi, ambazo zilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, ila zilifunikwa na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Siku zikifupika mti huacha kutengeneza klorofili, iliyopo huvunjika, na kilichokuwa kimefichwa huonekana. Wekundu ni habari nyingine, kwa kuwa anthosianini, yaani rangi yenyewe nyekundu, hutengenezwa upya wakati huo huo jani linapoelekea kuanguka, na hutengenezwa kwa kutumia sukari iliyomo ndani yake.

Kwa hiyo wekundu unahitaji sukari na jua. Mchana ukiwa mweupe, usiku ukapoa bila kuganda, sukari hubaki ndani ya jani kwa wingi na mti huwaka kama ulivyouona mwaka juzi. Mawingu yakitanda wiki nzima, au jalidi kali ikaliua jani mapema, wekundu haupati nafasi. Ndiyo maana miti ya manjano kama *Ginkgo* haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ilhali miti myekundu ina vituko.

Hata hivyo yapo yaliyo mikononi mwako. Mti wa chunguni ukikaushwa mwishoni mwa kiangazi, kingo za majani huungua na rangi haiji tena, kwa hiyo uangalie udongo wako hata baada ya joto kupungua. Kusogeza chungu mahali panapopata jua la asubuhi husaidia. Na kwa yeyote anayetaka kununua mti kwa ajili ya rangi, ninamshauri aununue wakati umeshaiva. *Liquidambar* iliyooteshwa kwa mbegu hutofautiana mche na mche: mmoja unakuwa zambarau, mwenzake wa kitalu hicho hicho unakuwa manjano hafifu, na picha ya kwenye lebo si yake.

Fundi Vyungu

Naomba niongezee kuhusu chungu chenyewe, maana hapo ndipo fedha na machozi ya watu hupotelea. Nilikuwa na chungu cha udongo wa mfinyanzi, kirefu kunifika kiunoni, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kinastahimili baridi. Mwezi wa kwanza wa baridi niliamka nikakikuta kimeachia ubavu mmoja kama ganda la yai, udongo ukiwa umesimama wima bila kuta, umeganda, na mizizi ikionekana ikiwa imejipanga duara.

Sababu ni rahisi. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto mdogo una vinyweleo vinavyofyonza maji, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Yasipopata pa kwenda, hupasua. Chungu kilichochomwa kwa moto mkali hufyonza kidogo, na vyombo vya mbao, vya chuma au vya plastiki nene havina shida hiyo. Kama unacho cha mfinyanzi na unakipenda, kiinue juu ya vijiguu vitatu ili tundu la chini lisizibwe na barafu, na usikiache chini ya mchirizi wa paa.

Wengi huweka vigae au kokoto chini ya chungu wakidhani wanasaidia maji yatoke. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, bali hungoja mpaka udongo ulio juu ushibe kabisa. Matokeo yake ni kwamba tope unalipandisha karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo mwepesi kuanzia chini mpaka juu.

La tatu, na hili ndilo linaloua mimea mingi kuliko yote, ni kwamba mizizi haina ustahimilivu wa matawi. Ardhini mizizi imefunikwa na dunia nzima, na joto la udongo halishuki kama la hewa. Chunguni imezungukwa na baridi pande zote. Ramani ya kanda za ustahimilivu inayotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyosahihishwa mara ya mwisho mwaka 2023, inagawa maeneo katika kanda kulingana na ukali wa baridi yake, namba ndogo ikiwa baridi zaidi, kwa tofauti ya nyuzi 10 za Farenhaiti, yaani kama 5.6 za Selsiasi. Kanuni inayotumika ni kwamba mmea wa kudumu utakaokaa chunguni mwaka mzima uwe wa kanda mbili za baridi zaidi kuliko ya kwako. Ukiishi kanda ya 6, tafuta mmea unaovumilia kanda ya 4.

Siafu wa Bustani

Nimesoma kwa makini na kwa heshima zote natofautiana na mleta mada. Pansi, viola, kabichi: haya yote ni mapambo ya mlangoni. Anayetaka rangi ya kweli katika baridi aache kufikiria maua na aanze kufikiria magome. *Cornus alba* 'Sibirica', majani yakishadondoka, hubakia fimbo nyekundu tupu, na zikisimama mbele ya theluji au mbele ya ukuta mweusi hakuna ua litakaloshindana nazo. *Salix alba* 'Britzensis' ni ya machungwa. *Betula utilis* var. *jacquemontii* ni nyeupe kama chokaa. *Prunus serrula* gome lake hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Hakuna kumwagilia kila wiki, hakuna kununua upya kila mwaka.

Tatizo ni kwamba watu huipanda *Cornus* kisha wakaiacha. Rangi iko kwenye matawi machanga, na tawi likizeeka hugeuka kahawia. Ikishakaa ardhini miaka miwili au mitatu, ikate mwishoni mwa baridi, kabla macho ya matawi hayajafumbuka, ubakize kiasi cha sentimita 10 juu ya ardhi. Ukiona uchungu kuikata yote, kata theluthi ya matawi mazee kila mwaka. Na uipande pale ambapo jua la jioni, ambalo majira hayo hukaa chini sana, litaipiga kwa ubavu na wewe ukiwa dirishani. Bustani ya baridi hutazamwa kutoka ndani ya nyumba, jambo ambalo wapandaji wengi hulisahau wakiwa wamesimama nje na sepetu.

Mkono wa Udongo (mleta mada)

Ndugu Siafu, pingamizi lako nimelipokea na nusu yake naikubali. Nusu ninayoikataa ni hiyo ya kuacha maua. *Hamamelis* huchanua kwenye matawi matupu katikati ya baridi, na petali zake ni nyuzi za manjano au za kutu, nyembamba kama takataka za randa ya seremala. Halijoto ikishuka sana nyuzi hizo hujikunja zikarudi ndani ya kikombe cha ua, na siku ikipata joto kidogo hujikunjua tena. Nimewahi kusimama mbele ya tawi moja nikahesabu maua yaliyokunjuka upande wa jua na yaliyokunjika upande wa kivuli. Tena lina harufu. Angalizo tu kwamba miti mingi ya aina hiyo imeunganishwa juu ya shina lenye mizizi la *Hamamelis virginiana*, kwa hiyo chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo liondolewe mapema, la sivyo litaumeza mti ulioununua.

Halafu kuna *Helleborus*, ambayo hudumu kwa muda mrefu kwa sababu nzuri: yale tunayoyaita petali zake ni sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua kabla halijachanua, na sepali hazidondoki baada ya siku chache kama petali. Ua likishachavushwa hubaki pale pale likififia taratibu kuelekea ukijani kwa wiki nyingi. Wenye watoto wadogo na wanyama wajue kwamba mmea wote una sumu.

Kuhusu nyasi, ambazo hukuzitaja, hapo naamini tutaelewana. *Calamagrostis* × *acutiflora* 'Karl Foerster', iliyopewa jina la mkulima wa vitalu wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1874 na 1970, hukauka ikawa na rangi ya majani makavu yenye dhahabu, na husimama wima hata baada ya theluji kuiangukia na kuyeyuka. Katika bustani ya High Line mjini New York, ambayo mimea yake ilipangwa na Piet Oudolf, mbunifu wa bustani wa Uholanzi, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009, mimea mingi haikatwi mpaka baridi inapokaribia kwisha, na vichwa vya mbegu vilivyokauka vimekuwa sehemu ya mandhari yenyewe. Mwenye mkono mwepesi wa kusafisha bustani kila jani linapogeuka kahawia anajinyima miezi minne ya kutazama.

Kivuli cha Saa Tisa

Nami nitoe ushuhuda wa kujichekesha. Nilinunua *Skimmia japonica* 'Rubella' nikaambiwa kitaluni kwamba itanipa matunda mekundu. Nikangoja miaka mitatu. Kila baridi inakuja na vishada vya vichipukizi vya maua vyenye wekundu mzito, vizuri kweli kweli, lakini tunda hata moja sijaona.

Bibi Mahameli

Wala hutaliona, mwanangu, maana 'Rubella' ni dume. *Skimmia* nyingi zina mimea ya kiume na ya kike mbalimbali, na dume kazi yake ni chavua tu. Usiing'oe, kwani hivyo vichipukizi vyekundu hukaa hivyo hivyo baridi nzima na ndivyo vinavyopendwa vyunguni. Iongezee jike karibu, au utafute 'Reevesiana', ambayo ina viungo vyote viwili katika ua moja na huzaa peke yake.

Mtego huo huo uko kwa *Ilex verticillata*, ambayo hudondosha majani yote na kubaki na matunda mekundu yaliyogandamana kwenye vijiti vitupu. Dume mmoja anatosha kwa majike kadhaa, mradi wachanue wakati mmoja. Muulize muuzaji jinsia na wakati wa kuchanua, na akikutazama kwa mshangao nenda kwingine.

Kwa wenye vyungu vidogo nawapendekezea *Gaultheria procumbens*, mfupi, majani ya kung'aa yanayopata wekundu kwa baridi, na matunda yake hukaa muda mrefu. Unataka udongo wenye tindikali. *Calluna*, kichaka kifupi cha maua madogo, pia inautaka udongo huo, ila *Erica carnea* huvumilia chokaa kiasi na huchanua katikati ya baridi. Mkikuta *Calluna* ya samawati iliyokolea, kwaruza kwa ukucha. Huwa imepuliziwa rangi.

Tunguu

Naona wote mmesahau kilicho chini ya udongo. Chungu kile kile chenye viola kinaweza kubeba matunguu ya majira yajayo kwa tabaka: tulipu chini kabisa kwa kina cha sentimita 20, nasisi juu yake kwenye 15, halafu krokasi kwenye 8 hadi 10, na viola juu ya vyote. Kila tunguu hutoboa njia yake kupita pembeni mwa mwenzake. Tulipu huhitaji wiki 12 au zaidi za baridi ili wachanue vizuri, kwa hiyo chungu kikae nje, ila kisigande na kuyeyuka mara kwa mara kikiwa kimeloa, maana matunguu huoza.

Mwisho ni kuhusu *Cyclamen*. *Cyclamen persicum*, yule mwenye maua makubwa anayeuzwa kwa ajili ya mezani, huuawa na jalidi. Wa nje ni *Cyclamen hederifolium*, anayechanua majani yakipukutika, na *Cyclamen coum*, mwenye majani ya duara, anayechanua katikati ya baridi. Nimeshuhudia watu wakipanda yule wa mezani nje na kulaumu udongo.

Mgeni wa Jukwaa

Wakubwa zangu, nimeuona uzi huu nikiwa nimechelewa. Utabiri unasema udongo utaganda ndani ya siku kumi, vyungu vyangu vina mabua makavu tu, na hizo wiki 6 hadi 8 nimeshazikosa. Je, ningoje mwaka ujao?

Mkono wa Udongo (mleta mada)

Karibu, ndugu mgeni, na usingoje. Nilisema mwanzoni kwamba chungu cha baridi kinafanana na chombo cha maua kuliko tuta, basi wewe kichukulie hivyo kikamilifu. Ng'oa mabua, acha udongo mle mle ndani, ongeza mpaka ubakize vidole vitatu chini ya ukingo. Kata matawi: fimbo tano au saba za *Cornus* ziwe ndizo kimo, zisimame katikati kwa urefu unaozidi wa chungu kidogo, kisha matawi ya misonobari na miberoshi uyachomeke pembeni kwa mshazari, mengine yakiinamia nje mpaka yafunike ukingo. Mashina yaingie udongoni sentimita 15 au zaidi, la sivyo upepo utayalaza. Vichwa vya mbegu vya haidrenjia vilivyokauka vinajaza mapengo vizuri. Baridi itayahifadhi matawi hayo yakiwa na ukijani wake kwa wiki nyingi, na wala hayahitaji mizizi.

Fanya kazi hiyo kesho kutwa kabla ya siku hizo kumi hazijapungua, na mwagilia maji mengi ukishamaliza, kwa sababu udongo uliolowa ukiganda utayashika matawi kama saruji, nawe hutaweza kuyasogeza tena hata ukitaka. Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, ingia ndani, simama dirishani, uangalie upande ambao matawi yanautazama.